Eiersalat: saladi ya mayai ya Wajerumani, tatizo sio mayai

Mnaoishi Ujerumani hii mnaijua, ile saladi ya mayai inayouzwa supamaketi kwenye vikopo vya plastiki, jioni watu wanapaka kwenye mkate na msosi wa usiku umeisha, hakuna cha kuwasha jiko. Baada ya Pasaka ndo usiseme, mayai ya kuchemsha yaliyopakwa rangi yamejaa nyumbani na mengi yanaishia humo.

Mi naipenda sana ila naitengeneza mwenyewe, sababu ni mayonezi. Yai moja lina kama kalori 70 na protini gramu 6, lina vitamini B12, hapo sina ugomvi. Sasa kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi ni kalori 90 hadi 100 na karibu zote mafuta, mtu anamimina vijiko vitano vya kujaa halafu anakwambia nakula mayai napunguza mwili, haya bwana.

Chukua mayai 6, yaliyokaa friji kama wiki, maana yaliyotagwa juzijuzi yatakutesa kumenya. Tia kwenye maji yanayochemka dakika 10, kisha hapohapo kwenye maji baridi. Yakizidi sana kiini kinazungukwa na ukijani, sio sumu, ni salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini, ila harufu yake mmh.

Rojo lake: mayonezi vijiko 2, mtindi mzito vijiko 3, haradali kijiko cha chai, chumvi, pilipili manga. Halafu yale matango madogo ya siki, Gewürzgurken, katakata mawili, na maji yake ya kwenye chupa usimwage jamani!! weka vijiko viwili, utamu wote uko pale, ndo maana mayonezi kidogo inatosha. Mayai kata kwa kisu vipande vya kuonekana, ukiponda kwa uma inakuwa uji. Changanya taratibu, juu katia Schnittlauch, vile vijani vyembamba vyenye ladha ya kitunguu, ukikosa majani ya kitunguu yanafaa tu.

Ikae friji nusu saa, kula na mkate mweusi wa rai (nafaka inayofanana na ngano), una nyuzinyuzi unashiba mapema. Siku mbili iwe imeisha, na kwenye joto usiiache mezani muda mrefu. Ukitumia mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi basi iishe siku hiyohiyo, na mjamzito usimpe.