Uliza Mweka Hazina: Deni Nalo Hupanda Daraja

Safu hii hujibu barua za wasomaji kuhusu fedha za klabu zetu. Mwezi huu nimechagua za watu wa Championship, ligi ya pili chini ya Ligi Kuu, ambayo wengi bado tunaiita Daraja la Kwanza ingawa jina lilibadilishwa msimu wa 2021/22. Nimewahi kushika daftari la mapato na matumizi la klabu moja ya ligi hiyo, na ninajibu kwa niliyoyaona humo.

Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni shabiki damudamu wa Chama la Wana, yaani Stand United. Mwaka 2025 Stand United yetu ilifika hadi mtoano wa mwisho wa kupanda Ligi Kuu, Fountain Gate wakatutoa. Nikiwauliza viongozi wa tawi wanasema bahati haikuwa yetu. Ni bahati kweli? Na tutapanda lini?
*Dereva wa bodaboda, Shinyanga*

Marahaba, mwanangu. Bahati ipo kwenye mpira, lakini hebu tuipange miaka tuitazame. Mwaka 2019 Pamba na Geita Gold walikutanishwa na Kagera Sugar na Mwadui wa Ligi Kuu, Pamba na Geita wote wawili wakabaki chini. Mwaka 2021 Pamba akabisha hodi tena, Coastal Union akamzuia. Mwaka 2022 JKT Tanzania akashindwa na Prisons. Mwaka 2024 Biashara United akashindwa na Tabora United. Mwaka 2025 mkafuata ninyi. Tangu 2019 hadi 2025 waliopenya kwa njia ya mtoano ni wawili tu: Ihefu, aliyemshusha Mbao mwaka 2020, na Mashujaa wa Kigoma, aliyemshusha Mbeya City mwaka 2023. Bahati haiwezi kumkataa mtu wa chini kwa mtindo huo mwaka hadi mwaka. Kuna kitu kingine.

Tazama ratiba. Timu ya Championship inacheza mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Ukimaliza wa kwanza au wa pili, umepanda. Ukimaliza wa tatu au wa nne, unacheza mbili na mwenzako wa Championship, kisha mbili nyingine na timu ya Ligi Kuu iliyopoteza mtoano wa nafasi ya 13 na 14. Hizo ni mechi 34, na bajeti mliyoandika mwanzo wa msimu iliishia kwenye ya 30, kama ilifika huko. Mpinzani anayewasubiri ana mgao wa fedha za televisheni, zile za mkataba wa Azam Media wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021. Ninyi mna mapato ya mlangoni pale Kambarage na michango ya kundi la WhatsApp. Udhamini wa benki ya NBC kuigusa Championship nao umesaidia, nashukuru, ila hauendeshi klabu msimu mzima.

Nikuonyeshe safari moja ilivyo. Koasta inaondoka Alhamisi alfajiri kwa mechi ya Jumamosi. Kuna mafuta, dereva na utingo wake, chai ya njiani, gesti ya wachezaji kulala wawili wawili, katoni za maji, barafu, bandeji, dawa ya kuchua, na posho ambayo kila mchezaji anataka kuishika mkononi filimbi ikilia. Mfadhili aliyeahidi kutuma fedha Ijumaa jioni hapokei simu. Mwenye gesti ameshika funguo zake na anasema vyumba havifunguliwi kwa ahadi. Vijana wamekaa kwenye ngazi na mabegi yao. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na usiku ule kipa wetu alilala kwenye kiti cha gari. Kesho yake jioni alifungwa bao la mpira wa juu ambao siku nyingine angeudaka bila kuruka. Jukwaani walisema amehongwa. Nilikuwa na daftari kwapani nikaumia sana, maana nilijua mtoto yule hakuwa amekula tangu mchana wa jana yake.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kiongozi wa tawi lako ni hili: mzunguko wa pili unapoanza, nani analipa koasta? Akutajie mtu au kampuni, na aseme kama ahadi hiyo ina karatasi. Shinyanga mnalijua hili kuliko mimi. Timu iliyoanzishwa na watu wa stendi ilipanda mwaka 2014 ikapendwa nchi nzima. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa Acacia, wachimbaji wa dhahabu, fedha ambayo klabu nyingi za mikoani zilikuwa zinaiota. Kisha ukaja mgogoro wa makundi mawili, la wanachama na la kampuni, kila moja likidai ndilo lenye timu. Mdhamini akaondoka, na mwaka 2019 mkashuka. Mkirudi Ligi Kuu bila kuumaliza ugonjwa ule, mtarudi na huo huo. Tarehe ya kupanda sina. Ninachojua ni kwamba Pamba, aliyeshuka mwaka 2001 na kugonga mwamba kwenye mitoano, alirudi mwaka 2024 kwa kumaliza wa pili, na aliporudi alikuwa na Jiji la Mwanza nyuma yake. Lengeni nafasi mbili za juu. Mtoano ni njia ya mwenye akiba.

Baba, habari za kazi. Nauza chakula karibu na uwanja. Timu ya hapa kwetu ilikula kwangu kwa mkopo msimu mzima, wali maharage mchana na ugali samaki jioni. Nikidai naambiwa nisubiri, timu ikipanda nitalipwa chote na nyongeza. Nimesubiri, na mtaji umeisha. Nisubiri hadi lini?
*Mama lishe, jina la mji nimelihifadhi*

Dada yangu, usisubiri hata wiki moja. Barua yako ndiyo iliyoniuma kuliko zote, kwa sababu hiyo kauli ya "tukipanda tutakulipa" nimeisikia kwa wenye gesti, wenye maduka ya jezi, madereva na wachezaji wenyewe. Inatamkwa kana kwamba Ligi Kuu ina mtu anayegawa fedha getini. Timu ikipanda, matumizi yanapanda kabla ya mapato: usajili mpya, kambi, kocha mwenye cheti kinachotakiwa, uwanja wenye vigezo. Fedha ya kwanza ikiingia inakwenda huko, na wewe wa maharage unakuwa mtu wa mwisho kwenye orodha.

Tena deni lenyewe linapanda na timu. Umewahi kusikia habari za Kitayosce? Ilipanda mwaka 2023, Tabora nzima ikafurahi, na baadaye tukaizoea kwa jina la Tabora United. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu ilikuwa Agosti 2023 na Azam, pale Chamazi. Klabu ilikuwa na kikwazo cha usajili, wachezaji wapya hawakuwa na vibali, basi ikaingia uwanjani na watu wanane. Wanane, mbele ya Azam! Feisal Salum akafunga matatu, ikawa 4-0 ndani ya robo saa. Wawili wakaumia, wakabaki sita, na sheria ya mpira hairuhusu timu kuendelea ikiwa pungufu ya saba, mwamuzi akamaliza mchezo. Watu walicheka mitandaoni. Mimi niliwafikiria wale wanane. Ndiyo siku waliyoiota tangu wakicheza pekupeku, na wamefikishwa pale uchi kwa sababu kuna karatasi hazikumalizwa ofisini.

Na Biashara United ya Musoma, Oktoba 2021, iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Mabao mawili mkononi, kilichobaki ni kwenda Libya kulinda. Timu haikusafiri, ikatolewa bila kupiga mpira, na mwisho wa msimu huo huo ikashuka daraja. Kama klabu yenye nafasi kama ile inakwama safari, usiweke mtaji wako kwenye ahadi ya kupanda.

Fanya hivi. Kaa uandike kila mlo unaoukumbuka: mwezi, idadi ya wachezaji, bei. Mpelekee meneja wa timu, yule aliyekuwa akiwaleta kula, asaini kwamba anatambua. Saini yake ina nguvu kuliko maneno ya mwenyekiti. Kisha peleka barua ya madai ofisi ya klabu, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wape siku 14. Zikipita, nenda Mahakama ya Mwanzo ukafungue madai, huhitaji wakili. Usione aibu kwamba utaonekana unaihujumu timu ya nyumbani. Wewe umeilisha. Kuna wanaovaa skafu ya timu hiyo ambao hawajawahi kuichangia hata chupa ya maji.

Kuanzia leo, anayekula alipe, hata akiwa nahodha.

Mzee, sisi wa Mbarali tuliifunga Yanga hapa hapa Ubaruku, tukavunja rekodi yao ya kutofungwa. Leo Ihefu haipo. Imehamia Singida na jina limebadilishwa. Hivi shabiki hana haki yoyote?
*Mkulima wa mpunga, Mbarali*

Ndugu yangu, ile ya Novemba 2022, 2-1, Yanga akitoka kwenye mechi 49 bila kufungwa, hakuna atakayewanyang'anya. Lakini kisheria jibu ni chungu: shabiki asiye mwanachama hana kura. Timu ikiwa na mmiliki, mwenye nafasi ya ligi ni mmiliki, naye akiridhiwa na mamlaka za soka anaweza kuhama nayo. Ihefu ilihamia Singida mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Singida wenyewe kabla ya hapo walikuwa na Singida United, iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mwaka 2018 na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar, halafu fedha zikakauka, ikashuka mwaka 2020. Walikuwa pia na Singida Big Stars, iliyopanda mwaka 2022 ikitokea kuwa DTB, na ambayo leo ni Fountain Gate ya Babati. Mtoto wa Singida aliyekuwa shule ya msingi wakati ule ameshabadilisha jezi mara tatu bila kuhama nyumbani.

Mimi sikubaliani na utaratibu huu na nitaendelea kuusema. Klabu inayopanda kwa miguu ya vijana wa wilaya, uwanja ukajazwa na wakulima waliofunga mashine mapema, isiondoke bila hata mkutano mmoja wa hadhara kuwaeleza watu. TFF wana uwezo wa kuweka sharti hilo kesho asubuhi.

Kwenu njia iliyobaki ni ndefu lakini iko wazi: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship. Mkianza, anzeni na katiba ya wanachama, kadi na ada, hata ndogo. Na kwenye katiba muandike wazi kwamba nafasi ya ligi haiuzwi wala haihamishwi bila theluthi mbili za wanachama kukubali.

Je, halmashauri ziendelee kuendesha timu?
*Mwalimu, Mbeya*

Kwa sasa ndiyo, kwa sababu mikoani hakuna mwingine mwenye uvumilivu. Mbeya City wenu walipanda 2013, wakamaliza wa tatu msimu wao wa kwanza, wakashuka 2023, wakarudi 2025, na jiji halikuwatupa. Ninachotaka ni fungu la timu lipitishwe wazi na madiwani, liwe na kiwango, na lisitegemee mapenzi ya mkurugenzi aliyepo. Akihamishwa, timu inabaki na nini?

Baba, shikamoo. Nina miaka 19, nacheza winga. Klabu moja ya Championship inataka kunisajili dirisha dogo, lile la katikati ya msimu. Wanasema fedha ya usajili nitapewa nusu sasa na nusu wakipanda. Mama anasema nisaini, nafasi haiji mara mbili. Nisaini?
*Winga, Morogoro*

Marahaba, mwanangu, na umsalimie mama. Nusu ya "wakipanda" uihesabu kuwa sifuri. Kama nusu ya sasa pamoja na mshahara vinakutosha, endelea kuzungumza. Kama havikutoshi, hiyo si ofa.

Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Nimewahi kuona mkataba ambao mshahara ulijazwa baada ya mchezaji kuondoka chumbani. Mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na tarehe ya kulipwa. Iandikwe nani analipa matibabu ukiumia mazoezini, si kwenye mechi tu, kwa sababu wengi huumia huko. Uondoke na nakala yako siku hiyo hiyo, upige picha kila ukurasa umtumie mama. Ukija kukosa malipo, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka TFF kwenye kamati inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Bila hiyo watakusikiliza na kukupa pole.

Kabla ya yote, watafute wachezaji wawili walioondoka klabu hiyo msimu uliopita. Waulize kitu kimoja: mshahara wa Machi waliupata mwezi gani? Wakikwambia Machi, saini. Wakisema bado wanaudai, baki na timu yako ya mkoa hadi dirisha kubwa. Winga wa miaka 19 mwenye mbio atatafutwa tena, na umweleze mama kwamba mimi ndiye niliyesema.