Jaza kalenda kuanzia kwenye meza ya mhariri

Mwaka 2024 ofisi yetu ndogo ya kutengeneza video hapa Sinza, Dar es Salaam, haikupata hata mwezi mmoja wa kupumua. Tulirekodi wakulima wa pamba Simiyu, kina mama wa mwani Unguja, mafunzo ya wauguzi Dodoma, harusi, mahafali, uzinduzi wa bidhaa na matangazo mafupi ya kwenye simu. Vijana wanaoanza kazi hii hunipigia kuuliza namna ya kupata wateja. Ninawajibu, lakini kuna jambo ambalo hawaniulizi na ndilo ninalotaka kulisema leo, kwa sababu kampuni nyingi ndogo zinakwama wateja wakiwa wameshajaa mlangoni. Unapopanga mwaka, hesabu siku za meza ya uhariri, zile za kupitia, kukata na kuunganisha picha na sauti, kabla ya kuhesabu siku za kamera.

Siku ya kurekodi kila mtu anaiona. Kuna gari, kuna taa, kuna watu wanabeba stendi. Siku za uhariri hazionekani, na kwa kuwa hazionekani, hata mwenye kampuni huzisahau anapomwambia mteja "hakuna shida, wiki ijayo". Kamera ya pili utaikodi Kariakoo kesho asubuhi. Mpiga picha wa ziada utampata kwa simu moja. Lakini mhariri ambaye ameshasikiliza mahojiano yote, anayekumbuka kwamba yule mama alisema jambo la maana karibu na mwisho wa faili la tatu, huyo huwezi kumkodi. Yuko mmoja, na ana siku moja kwa siku.

Kwetu, filamu fupi ya mahojiano tunaihesabia siku tatu za meza kwa kila siku ya kurekodi. Ikiwa na lugha inayohitaji kutafsiriwa, tunahesabu tano. Harusi ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anaona Jumamosi moja, kumbe kuna kichenipati na sendofu kabla yake, na siku yenyewe kuna kamera tatu, kila moja inarekodi kwa muda wa saa nane. Picha ya 4K, ile ya ubora wa juu, ikirekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa. Piga hesabu: zaidi ya terabaiti moja, na lazima mtu aitazame. Kamati ya harusi haitakuuliza umeipitiaje. Itakuuliza lini.

Ukutani tuna kalenda moja yenye rangi mbili, moja ya kurekodi na moja ya meza. Simu ikilia tunatazama rangi ya meza kwanza. Siku ya kurekodi ikiingia, siku zake za meza zinaingia hapohapo, siku hiyohiyo, na hakuna anayeruhusiwa kuzikalia. Likizo ya mhariri nayo imechorwa humo. Ukifanya hivi utaona mwezi unaodhani una nafasi umejaa zamani.

Ukishaikubali hesabu hiyo, unaanza kufanya kazi ya uwanjani kwa jicho jingine, maana kila uzembe wa uwanjani unalipwa mezani. Chukua mfano wa taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na mwanga wa taa nyingi za ofisini, madukani na kumbini hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kamera nyingi zinazoingia mikononi mwa vijana zimeshapangwa fremu 30 kwa sekunde, shata moja ya 60 (yaani kila picha inapokea mwanga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde), na picha yake chini ya taa zetu inatoka na mistari inayotembea. Weka fremu 25 na shata moja ya 50 kabla hujatoka ofisini. Kuondoa mistari ile kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi haiondoki vizuri.

Jua nalo lina hesabu yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena kuelekea katikati ya Oktoba, jua la saa sita linasimama utosini kabisa, na uso wa mtu unakuwa na mashimo meusi mawili mahali pa macho. Hata miezi mingine mchana wetu ni mkali. Mahojiano ya nje tunayafanya kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikishindikana, tunatafuta mwembe na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni. Jioni usijipe matumaini makubwa: huku kwetu jua likishazama, nusu saa haiishi na giza limeingia.

Kwenye sauti mimi ni mkali kuliko kwenye picha. Mtazamaji husamehe picha iliyotikisika kidogo, hasamehi maneno asiyoyasikia. Zima feni, zima friji, muombe jirani mwenye jenereta nusu saa yake kwa heshima, na ratibu mahojiano yasigongane na adhana au kengele ya shule. Msimu wa vuli usimuweke mtu chini ya bati bila kutazama mawingu. Maiki ya kifuani iwepo, na nyingine ya pili iwe juu ya kichwa, nje ya fremu. Mazungumzo yakiisha, waombe watu wote wakae kimya, urekodi nusu dakika ya chumba kitupu. Mhariri ataitumia kuziba kila mkato, na atakushukuru bila wewe kujua.

Safari ya Simiyu ndiyo iliyonifundisha zaidi mwaka huo wa 2024. Tulikwenda wakati wa mavuno ya pamba, shirika lililotupa kazi likitaka kusikia wakulima wenyewe. Wazee wengi walijibu kwa Kisukuma, kama ilivyo haki yao. Yeyote aliyewahi kurekodi vijijini anajua kinachotokea: mzee anaeleza dakika nane kwa mikono na kwa macho, mkalimani anageuka na kukuambia, "Anasema bei haimridhishi." Yaliyobaki yamepotea. Mhariri aliye Dar atakata palipo na pumzi, na pumzi hiyo huenda ndiyo ilikuwa katikati ya hoja.

Kwa hiyo tulimlipa mkalimani mpaka usiku. Jioni, gestini, tulikaa naye na vipokea sauti, akaandika kila kitu kilichosemwa, pembeni akiweka dakika na sekunde. Ndipo tulipogundua kwamba mkulima mmoja hakuwa akizungumzia bei tu. Alikuwa akieleza jinsi malipo yanavyomfikia wakati ambao ada za shule zimeshapita, na maelezo hayo yakawa ndiyo uti wa filamu nzima. Gharama ya jioni zile ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na siku ambazo mhariri angezipoteza akibahatisha. Na mbali na gharama, mtu aliyeacha shamba lake wakati wa mavuno akakupa muda wake anastahili kusikika alivyosema. Bajeti isiyo na tafsiri kamili siku hizi siipokei.

Unguja tulifuata kalenda ya bahari. Mwani unahudumiwa wakati wa bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yanapokauka mbali na kina mama wakaweza kufika kwenye vigingi. Ukifika wakati wa maji mafu, utarekodi bahari tupu. Mteja alikuwa ametupa tarehe kutokana na kikao chake. Sisi tukamrudishia tarehe kutokana na mwezi, na akaelewa mara moja tulipomweleza. Ndiyo ushauri wangu: uliza kwanza shughuli unayokwenda kuirekodi inafuata saa ya nani. Pamba ina msimu wake, karafuu ya Pemba ina wake, shule zina mitihani. Hayo yote hayasogei kwa sababu yako.

Faili zikishafika ofisini, jambo la kwanza ni nakala. Kadi ya kamera haifutwi mpaka picha ziko kwenye diski mbili, na moja ya diski hizo inalala nyumba nyingine. Usitegemee mtandao peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Wiki hiyo kazi zetu zilifika kwa wateja kwa diski, nyingine zikisafiri na basi. Tangu hapo kila kazi kubwa ina diski yake ya kusafiria, na gharama yake imeandikwa kwenye ankara.

Nitakaa kidogo kwenye masahihisho, kwa kuwa ndiko siku za meza zinakoyeyuka. Video imetumwa, na kundi la WhatsApp linaanza. Mkurugenzi anataka muziki upunguzwe, mhasibu anataka nembo ikuzwe, mtu wa tatu, ambaye hamjawahi kukutana, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne usiku. Kila mmoja ana nia njema. Katika mkataba andika mambo mawili: awamu za masahihisho ni mbili, na upande wa mteja kuna mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Maoni yote yapitie kwake, yaje kwenye waraka mmoja, kila oni na dakika na sekunde yake. Awamu ya tatu ina bei, na bei hiyo iandikwe tangu mwanzo, siku ambayo mnacheka pamoja.

Kuna dawa nyingine ambayo tangu mwaka 2024 imekuwa rahisi. Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ilipoanza kwenda Dodoma, tarehe 25 Julai 2024, tuliacha kutuma rasimu ya kwanza kwa wateja wetu wa huko. Tunapanda asubuhi, tunakaa nao chumba kimoja, tunaitazama pamoja, jioni tunarudi. Mtu akisema "hapa sijapenda", unamuuliza palepale ni picha, ni maneno, au ni yule anayezungumza. Swali hilo kwa simu linachukua siku mbili. Kazi ya wauguzi ilimalizika kwa kikao kimoja cha namna hiyo.

Vibali ni siku pia, ziingie kwenye kalenda. Kibali cha Bodi ya Filamu, ruhusa ya droni kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, barua ya wilaya, kumsalimu mwenyekiti wa kijiji kabla hujafungua begi la kamera: hakuna hata kimoja cha kuachia asubuhi ya kurekodi. Ridhaa ya mtu ninaipa uzito wa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na uso wa mtu ni taarifa yake. Mweleze kwa Kiswahili chepesi video itaonekana wapi, kwa mtoto zungumza na mzazi, na kwa mgonjwa subiri awe na utulivu wa kukataa. Mtu akikuambia baadaye kwamba amebadilisha mawazo, lazima uweze kuzipata picha zake zote na kuziondoa. Ndiyo maana kwetu kila faili lina tarehe, mahali na alama ya kumtambua mtu aliyerekodiwa tangu siku ya kwanza.

Fedha nitazigusa kwa ufupi. Nusu ya malipo iingie kabla ya safari. Salio liingie kabla ya kukabidhi video isiyo na alama ya ulinzi juu ya picha. Taasisi zikikukata kodi ya zuio ya asilimia 5, ile inayotolewa kwenye malipo ya huduma kabla hujayapokea, dai cheti chake na ukitunze, kwa kuwa kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Nimeona vijana wanaichukulia kama hasara. Na mpiga picha wa kukodi mlipe siku hiyohiyo, hata kama mteja atakulipa baada ya siku 60. Ana nauli ya kulipa na ana nyumba ya kutunza.

Kukataa kazi ndiko kunakouma. Desemba harusi zinapandana na ripoti za mashirika, na kila mmoja anakuita kaka. Mwishoni mwa 2024 dada mmoja wa shirika alinipigia: "Kaka, tunaihitaji kabla ya kikao cha bodi, bajeti ipo." Nikamwambia, "Dada, kurekodi tunaweza hata keshokutwa. Meza imejaa mpaka wiki ya pili ya Januari, na sitaki nikupe kitu kilichohaririwa na mtu aliyekesha." Nikampa namba ya ofisi ya wenzetu ninaowaamini. Alikwenda kwao, wakamfanyia vizuri. Wiki iliyofuata alinipigia kuhusu kazi ya mwaka uliofuata.

Mhariri akikesha siku tatu, jicho lake linaacha kuona rangi, sikio linaacha kusikia. Mhariri wetu ana mke na mtoto mdogo. Saa kumi na mbili jioni ofisini kwetu kompyuta zinazimwa, isipokuwa mimi mwenyewe nimekubali kubaki naye.

Kalenda ya 2025 ilianza kuchorwa kabla mwaka 2024 haujaisha. Ramadhani ilitarajiwa kuingia mwanzoni mwa Machi mwezi ukiandama, Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, na katikati yake masika, kwa hiyo miezi hiyo tuliipunguzia safari na kuipa meza. Mteja mmoja alitaka filamu yake ya mwani irekodiwe Februari mwishoni. Tulifungua jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, tukamwonyesha kwamba bamvua la mwezi mchanga lingeangukia siku ambazo huenda watu wangekuwa wanaanza kufunga. Alikubali turekodi katikati ya Februari, kwenye bamvua la mwezi mpevu, na siku zake tano za meza zikapakwa rangi.