Anayefuta Naye Ni Mtunzi

Mpendwa Mhariri,

Mimi na mwenzangu tunatengeneza midundo ya hip-hop katika chumba kimoja hapa Nyalenda, Kisumu, na marapa wa mtaani pamoja na wachache wa Nakuru wameanza kututafuta. Kompyuta ni yangu, spika ni zangu, na ngoma, besi na kinanda ninavipiga mimi. Mwenzangu huja jioni akitoka kazini, huketi kitandani akasikiliza, kisha huanza kufuta. Mwezi uliopita tulimrekodi mzee mmoja mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo. Nikaupamba mdundo ule kwa siku tatu, naye akaja akaondoa kiki, ile ngoma nzito, akaondoa kinanda, akaacha nyatiti na besi tu. Rapa wa Nakuru ameupenda na anataka kuununua "na kila kitu chake". Mwenzangu anadai nusu. Je, mtu aliyefuta kazi yangu anastahili nusu ya malipo?

Mpiga Midundo, Nyalenda

JIBU: Ndugu wa Nyalenda, anastahili, na nitakueleza kwa nini.

Sijausikia mdundo wenu, lakini chombo mlichokirekodi ninakijua. Nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji wake huketi chini akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anaigonga kwenye mti wa chombo huku vidole vya mikono vikicheza na nyuzi na njuga zikilia mguuni. Maana yake ni kwamba mzee aliingia chumbani mwenu akiwa na ngoma yake tayari. Ulipomwekea kiki (ninasema ile ya ngoma, si ile ya kutafuta umaarufu) uliipiga pete yake juu ya kichwa, ikapotea. Wewe hukuisikia ikipotea, kwa sababu mtu aliyekaa siku tatu na wimbo mmoja husikia alichokiongeza jana kuliko kilichokuwapo tangu mwanzo. Mwenzako, aliyekuja na masikio yaliyopumzika, aliisikia. Rapa hakuvutiwa na siku zako tatu. Alivutiwa na kile kilichobaki, na kilichobaki ni uamuzi wa watu wawili.

Kufuta, isitoshe, ni ufundi wa zamani katika hip-hop. SP-1200, mashine ya kunasa vipande vya sauti na kupanga ngoma, iliyotoka mwaka 1987 na ambayo sauti yake bado inaigwa, ilikuwa na nafasi ya takriban sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Mtayarishaji wa wakati huo alilazimika kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe kabla hata hajaanza kupanga ngoma. Leo kompyuta yako haina ukomo wa namna hiyo, na mwenzako ndiye ukomo wako.

Hata hivyo una hoja moja ambayo sitaipuuza. Kompyuta, spika, umeme na kodi ya chumba vinagharimu, na si haki ubebe mzigo huo peke yako. Lakini gharama hizo zisigeuzwe kuwa utunzi. Kubalianeni kiasi maalumu cha kutunza vifaa, kiondolewe kwanza kwenye kila malipo, na kinachosalia ndicho mkigawane sawa. Niliwahi kuvunja ushirikiano wa miaka minne kwa kuchanganya mambo haya mawili. Mwenzangu alikuwa na kinanda, mimi nilikuwa na sikio, na tulipolipwa kwa tangazo moja la redio kila mmoja alileta hesabu yake kichwani, kwa kuwa hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja. Fedha zenyewe hazikutosha kununua kinanda kingine.

Andikeni karatasi ya mgao usiku uleule kazi inapokamilika, kabla mnunuzi hajajulikana: jina la mdundo, tarehe, majina yenu kamili, sehemu ya kila mmoja, na sahihi mbili. Desturi ya marapa na watayarishaji wengi ni kugawa utunzi wa wimbo nusu kwa mashairi na nusu kwa mdundo. Nusu yenu mkiikata, kila mmoja anapata robo. Rekodi yenyewe ni mali ya pili, yenye mgao wake, kwa hiyo itajeni kando.

Kuhusu "kila kitu chake", usitie sahihi bado. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe wa maandishi na utiwe sahihi na anayeihamisha, na hapa wenye mali ni wawili. Mimi ningempa rapa huyo ruhusa ya maandishi ya kuutumia mdundo kwa wimbo mmoja, nanyi mkabaki wamiliki. Hakimiliki ya rekodi hapa Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ilhali muziki uliotungwa na watu wawili hulindwa miaka 50 baada ya kifo cha yule atakayekufa mwisho. Mtu hauzi kitu cha namna hiyo kwa bei ya spika. Mnaweza pia kuisajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Usajili si lazima, lakini husaidia siku ya ubishi.

Kuna mtu wa tatu ambaye hukumtaja kwenye hesabu, nami nimeshangaa. Mzee mwenye nyatiti ni msanii, na sheria inampa haki juu ya uchezaji wake uliorekodiwa. Rudini kwake na karatasi, mweleze kwa lugha anayoielewa vyema kwamba sauti yake inakwenda kuuzwa Nakuru, na mpatane malipo. Kama alioupiga ni wimbo wa jadi, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2016 kuna sheria inayolinda tamaduni za jamii dhidi ya kuuzwa bila ridhaa.

Mpendwa Mhariri,

Sisi ni wawili pia, wa Langalanga, Nakuru. Jina letu la kazi tulilibuni pamoja. Nani anapaswa kulisajili?

Wawili wa Langalanga

JIBU: Lisajilini wote wawili, siku moja. Pharrell Williams na Chad Hugo walianza urafiki wao wa muziki wakiwa watoto huko Virginia, Marekani, wakawa The Neptunes, na midundo yao ikatawala redio za dunia. Mwaka 2024 bado walifikishana kwenye mzozo wa kisheria kuhusu nani mwenye jina hilo. Kama urafiki wa umri ule haukuwakinga, msiutegemee wenu.

Mpendwa Mhariri,

Faili za midundo akae nazo nani?

Msomaji, Kakamega

JIBU: Nyote, kila mmoja na diski yake, na diski ya pili isilale nyumba moja na ya kwanza.