Vidole vya zinki na seli za CD4

SWALI: Mhariri, ninafundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wameniuliza: ikiwa seli zote za mwili zina DNA ileile, kwa nini seli moja ya kinga iwe CD4 na nyingine CD8? Nimesikia kwamba huamuliwa na “vidole vya zinki”. Je, vidonge vya zinki huviongeza?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, seli za CD4 (zinazosaidia na kuelekeza seli nyingine za kinga) na za CD8 (zinazoua seli zilizoambukizwa) hutokana na seli changa za aina moja zinazokomaa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa muda seli hiyo changa hubeba alama zote mbili, CD4 na CD8, kisha hupoteza mojawapo, na mwenye kauli kubwa katika uamuzi huo ni protini iitwayo ThPOK, ambayo huzima jeni za CD8 kwa kuishika DNA kwa vidole vyake.

Kidole kimoja ni kipande cha protini chenye asidi amino (vijenzi vya protini) zipatazo 30, kilichokunjwa na kushikizwa na ayoni moja (chembe yenye chaji) ya zinki. Kiligunduliwa mwaka 1985 katika maabara ya Aaron Klug, Cambridge, kwenye protini ya mayai ya chura ambaye asili yake, kwa bahati, ni Afrika. Kila kidole hutambua takriban herufi tatu za DNA, hivyo vidole kadhaa vikifuatana huweza kuitambua sehemu mahususi ya jeni.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ulitoka Marekani mwaka 2005. Panya fulani walikuwa karibu hawana CD4, na kasoro ikaonekana kuwa ni asidi amino moja tu, arginini iliyobadilika kuwa glisini, katika kidole kimoja cha ThPOK. Seli zilizopaswa kuwa CD4 hazikufa, bali ziligeuka CD8. Na ThPOK ilipolazimishwa kufanya kazi katika seli zilizoelekea CD8, nazo ziligeuka CD4.

Kuhusu vidonge, idadi ya vidole imeandikwa katika jeni, kwa hiyo zinki ya ziada haiongezi hata kimoja. Ni kweli kwamba upungufu wa zinki hudhoofisha kinga na kusinyaza thaimasi, na mtoto anayeharisha hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS. Lakini kuimeza kupita kiasi kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza shaba, na matokeo yake ni kupungua kwa baadhi ya seli nyeupe. Kwa anayeishi na VVU, CD4 hupungua kwa sababu ya maambukizi yenyewe, wala si kwa kukosa vidole. Tiba yake ni ARV.