Kansa ya ovari: mama asiache kemo kwanza
Dada wa Bukavu, umeuliza kama mama aache kemo (dawa kali za kuua seli za kansa) ili mumtafutie pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili. Asiache. Pembrolizumabu haiui kansa moja kwa moja. Inaondoa breki ambayo uvimbe unaifunga kwenye seli za kinga. Shida ni kwamba uvimbe wa ovari mara nyingi una seli hizo chache, na kwa kansa iliyorudi, dawa hii peke yake hupunguza uvimbe kwa wagonjwa kama 8 tu kwa 100. Kabla ya kuuza shamba ili kuinunua, ombeni kipande cha uvimbe kipimwe MMR, yaani mfumo wa seli wa kurekebisha makosa ya DNA. Mfumo huo ukiwa na kasoro, hapo dawa inafaa kujaribiwa: miligramu 200 kwenye mshipa kila wiki 3. Akiianza, kuharisha au kukosa pumzi msidhani ni malaria. Huenda kinga inashambulia utumbo au mapafu. Muone munganga siku hiyo hiyo.