Mwanangu, Chen na Chan na Tan ni jina moja

Mwanangu Zuhura,

Salaam sana. Huku sote wazima, baba yako goti limepungua maumivu, na mdogo wako anaendelea vizuri na shule.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema hapo Xiamen, China, mwalimu wako wa lugha ni Chen, mwenye nyumba ni Chen, kijana wa duka la simu naye Chen, na mwanzilishi wa chuo chenu ukurasa mmoja anaitwa Chen Jiageng, ukurasa wa pili Tan Kah Kee. Halafu ukamkumbuka Mama Chan wangu wa Guangzhou, ukauliza: "Mama, hivi hawa ni ukoo mmoja, au majina yamefanana tu?" Nimeona jibu lake halienei kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi somo hili nililipata benki. Ilikuwa safari yangu ya pili ya kufuata mapazia. Mama Chan ni mzaliwa wa Hong Kong, na kadi yake ya biashara inasema Chan. Siku ya kumalizia malipo akanielekeza niingize pesa kwenye akaunti ya mtoto wa kaka yake. Nikasoma jina la akaunti: Chen. Mwanangu, miguu iliniisha nguvu. Mkononi nilikuwa na fedha yangu na ya wenzangu wawili wa Kariakoo, na mtu ananiambia nimlipe nisiyemjua. Nikakataa kabisa. Hakukasirika. Aligeuza kadi yake upande wa Kichina, akaweka kitambulisho cha yule kijana pembeni, akanionyesha kwa kidole: alama ni ileile, 陈. Kisha akanishika kiganja, akaichora kwa ukucha wake, kushoto kwanza, kulia baadaye, huku akisema "er dong Chen". Mkalimani akanitafsiria: "Sikio, mashariki, Chen."

Ndivyo wanavyojitambulisha, kwa sababu maneno yanayosikika sawa ni mengi mno kwao. Li atakwambia yeye ni Li wa "mti na mtoto", Zhang atasema Zhang wa "upinde mrefu". Wanakutajia vipande vya herufi ili ujue ni ipi. Hiyo inayoitwa sikio, kwa asili yake, si sikio. Ni alama ya kilima iliyofupishwa. Neno lenyewe maana yake ni kupanga vitu vikaonekana, kutandaza, na pia kitu kilichokaa siku nyingi. Yale maganda makavu ya chenza niliyokuwa nakuchemshia ukikohoa yanaitwa chenpi, maganda ya zamani, na hiyo chen ndiyo hiihii.

Herufi inabaki moja, midomo ndiyo inayotofautiana. Kwa Kichina cha Beijing ni Chen. Kwa Kikantoni cha Guangzhou na Hong Kong ni Chan. Hapo ulipo, wazee wanaosema Kihokkien hutamka Tan. Wahakka, Wachina wengine wa kusini, wengi husema Chin, na Vietnam, ambako maandishi ya Kichina yalitumika karne nyingi, imekuwa Tran. Waliosafiri waliandikwa jinsi walivyotamka. Mwanzilishi wenu alizaliwa Jimei, hapohapo Xiamen, mwaka 1874, akaenda Singapore, akatajirika kwa mpira na mananasi ya makopo, na huko akawa Tan Kah Kee kwa sababu ndivyo mama yake alivyomwita. Chuo alikifungua mwaka 1921. Biashara zake zilipoanguka miaka ya 1930 aliendelea kukilipia hadi akauza nyumba zake, na mwaka 1937 serikali ikakipokea. Ukipita mbele ya sanamu yake, mpe heshima yake.

Kwa idadi, Chen ni la tano China nzima, nyuma ya Wang, Li, Zhang na Liu. Wenye jina hilo ni zaidi ya milioni 60, karibu sawa na Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa yetu ya 2022. Taiwan ndilo la kwanza, Hong Kong Chan ndilo la kwanza, na Singapore Tan ndilo la kwanza. Limejaa zaidi kusini, ndiyo maana unakutana nalo kila mlango. Ungekuwa kaskazini ungeniuliza habari za kina Wang. Waulize wazee wa hapo, watakwambia msemo wao kwamba kina Chen na kina Lin ni nusu ya dunia.

Sasa asili yake, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chen ilikuwa nchi. Miaka kama 3,000 iliyopita, mfalme Wu wa Zhou alipouangusha utawala wa Shang, alimtafuta mtu wa kizazi cha Shun, mfalme wa kale anayesimuliwa kwa wema wake, ili matambiko ya Shun yasikatike. Akapatikana Gui Man. Mfalme akampa binti yake mkubwa na eneo la Chen, makao yake makuu yakiwa Wanqiu, mahali ambapo leo ni Huaiyang, mkoa wa Henan. Nchi hiyo ndogo ilidumu zaidi ya miaka 500, ikibanwa na majirani wenye nguvu, mpaka katika karne ya 5 kabla ya Kristo dola la Chu likaimeza isirudi tena. Watu wake wakalichukua jina la nchi likawa jina lao. Fikiria, Zuhura: mipaka imefutwa, mfalme hayupo, na kila baba akimpa mtoto jina, anaitaja nchi iliyopotea.

Kabla ya hapo, mwaka 672 kabla ya Kristo, mwana wa mfalme aitwaye Chen Wan alikimbilia dola la Qi, na wajukuu wake huko wakajulikana kwa jina la Tian, wakaja kuitawala Qi yenyewe. Kwa hiyo kina Tian wengi wanahesabiwa ndugu wa kina Chen. Baadaye sana Chen Baxian akaanzisha utawala wa Chen, mwaka 557 hadi 589 baada ya Kristo, ambao ndio pekee China uliobeba jina la ukoo wa mfalme. Na wale Tran waliotawala Vietnam kuanzia 1225 waliwarudisha Wamongoli mara tatu.

Je, ni damu moja? Wote hapana. Zamani watu wa kaskazini wa kabila la Xianbei, ukoo wa Houmochen, walilifupisha jina lao wakawa Chen. Hata Jackie Chan uliyekuwa unamtazama na kaka zako, ukoo wa baba yake ni Fang; baba alibadili jina wakati wa misukosuko, na mwana akaja kuujua ukweli akiwa mtu mzima. Lakini wao wenyewe huliheshimu jina kama undugu. Zamani wenye jina moja hawakuoana kabisa, hata kama wametoka mikoa ya mbali. Leo sheria inaangalia ukaribu wa damu tu. Na mwanamke akiolewa halibadili: Mama Chan ni Chan wa baba yake, ndiyo maana mtoto wa kaka yake akawa naye jina moja, na watoto wake mwenyewe hawakuwa nalo.

Kuna hadithi kina Chen wanaipenda sana, ya familia ya De'an, mkoa wa Jiangxi, walioishi pamoja vizazi na vizazi wakafika watu 3,900, chungu kimoja. Wanasema walikuwa na mbwa mia, na mbwa mmoja akichelewa, waliobaki hawagusi chakula. Mwaka 1062 mfalme akaamuru watawanyike, wakagawanywa makundi 291. Ukimkuta Chen anasema yeye ni wa Yimen, anajivunia nyumba hiyo.

Ukifika Guangzhou likizo, panda treni ya chini ya ardhi, laini namba 1, ushuke kituo cha jumba la ukoo wa Chen. Lilikamilika mwaka 1894 kwa michango ya kina Chen wa wilaya 72 za Guangdong, ili vijana wao wanaokuja mjini kwa mitihani ya serikali wapate pa kulala. Kabla ya kuingia inua macho juu ya paa, utaona watu wadogo wa udongo wa kuchoma, mamia, kila mmoja na uso wake. Mama Chan alinionyesha mmoja aliyeinamisha kichwa kama anasikiliza. Mtafute, unipigie picha.

Doti mbili za khanga zitakuja na mzigo wa mwezi ujao. Ya bluu ni yako, nyekundu mpelekee Mama Chan.

Mama yako