Namba ya nyuma ya boksi

SWALI: Jambo Mama. Mutoto wa dada yangu eko na miaka 14, tunaishi naye hapa Kadutu, rafiki yake alimuletea gemu ya video The Witcher 3, sasa umeme ukirudi tu anakaa pale mpaka usiku, mi naona mapanga na mazimwi, nimuache ao nimukataze?
Mama mkubwa, Bukavu

JIBU: Asante kwa kuuliza, Mama, wengi wananunua bila kuangalia. Geuza boksi utafute namba: Ulaya wanaandika PEGI 3, 7, 12, 16 ao 18, ni kusema miaka ambayo mtoto anapashwa kuwa nayo kwanza, na hiyo gemu ya 2015 iko na 18. Mazimwi siyo shida, hata hadithi za bibi zilikuwa nayo! Shida ni damu, vichwa vinakatwa, watu uchi kitandani, na mchezaji mwenyewe anachagua nani apone nani afe, kwa miaka 14 mi naona ni nzito, ingoje. Lakini usimunyanganye tu, kaa naye pembeni kwanza, aseme "Mama mkubwa, ona", muulize juu ya nini amechagua vile, hapo ndipo utajua kichwa chake kiko wapi. Kama muko na konsole ya Nintendo, The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017 ni PEGI 12, panga na milima iko mingi tu.